Kwetu Kusikofikika: Kumbukumbu, Nafsi na Shauku ya Nchi katika Ushairi wa Uhamishoni

Utangulizi

Ushairi wa watu waliohama kwao ni wa kale kama uhamaji wenyewe. Kila mlango wa dunia umetoa watu wake: wengine kwa vita, wengine kwa njaa, wengine kwa hukumu ya watawala, na wengine kwa hiari iliyofanana na lazima. Miongoni mwao hawakukosekana watunzi. Kwa hivyo wahakiki wamezoea kuusoma ushairi huu kwa kutafuta ndani yake mambo matatu: picha za nchi iliyoachwa, malalamiko juu ya ugeni, na ndoto ya kurejea. Pakipatikana mnazi, kisima na jina la mama, husemwa kwamba mshairi ameikumbuka nchi yake, na shairi huwekwa katika fungu lake.

Usomaji wa namna hiyo una faida, lakini una upungufu mkubwa. Humfanya msomaji adhani kwamba nchi imo katika shairi kwa vile imetajwa tu. Hoja ya makala haya ni kwamba nchi iliyopotea huhifadhiwa zaidi katika lugha ya shairi kuliko katika picha zake: katika lahaja aliyoichagua mtunzi, katika umbo la kitenzi, katika mizani, na katika mtu anayesemeshwa. Ikiwa ni hivyo, basi yapo mambo ya kuogopewa. Nchi inayokaa katika silabi yaweza kufutwa na mhariri mwenye nia njema, na shairi lililotungwa kwa lugha ya nyumbani laweza kukaa miaka 30 bila ya kusomwa na watu wa nyumbani.

Ili kuyaeleza hayo, watazamwa washairi wawili wa Afrika walioishi miaka mingi nje ya nchi zao na ambao wote wawili walishikilia lugha zao. Wa kwanza ni Abdilatif Abdalla wa Mombasa, na wa pili ni Mazisi Kunene wa Durban. Kabla ya kuwafikia, yafaa kwanza kuyapima maneno yenyewe ambayo Kiswahili kinayo kwa jambo hili, na kisha kuutazama msingi uliowekwa na watangulizi.

Maneno ya jambo lenyewe

Neno la kwanza ni kwetu. Mswahili anayeulizwa atokako hajibu kwamba anatoka kwangu. Kwangu ni nyumba yake, ambamo ana mlango na ufunguo. Kwetu ndiko atokako. Hata mtu aliyefiwa na jamaa zake wote, asiyebakiwa na ndugu wala binamu, bado atasema kwetu. Sarufi haimruhusu kuwa na asili peke yake. Nafsi katika neno hili ni ya wingi tangu mwanzo, na kwa hivyo mtu anayepoteza kwao hapotezi mahali tu, bali hupoteza ule wingi uliokuwa ukimbeba.

Jambo la pili katika neno hilo ni kiambishi chake. Kiswahili kina ngeli tatu za mahali: pa ya mahali palipo dhahiri na penye mpaka, mu ya ndani, na ku ya mahali pasipopimwa kwa kamba. Lugha ingaliweza kuiita asili ya mtu petu au mwetu, na maneno hayo yapo, lakini iliyochaguliwa ni ku. Kwetu ni upande tu, ni huko. Ndipo mtu aliye Zanzibar aweza kusema kwetu akakusudia mtaa mmoja, na aliye London akasema neno lilo hilo akakusudia pwani nzima. Kadiri mtu aendavyo mbali ndivyo neno linavyopanuka, na kadiri linavyopanuka ndivyo linavyozidi kukosa anwani. Hali hiyo ndiyo hasa inayowashughulisha washairi wa uhamishoni, nayo imekwisha kuwekwa tayari katika sarufi kabla ya mshairi kushika kalamu.

Neno la pili ni kumbuka. Mtu amwandikiapo mwenziwe barua akasema, “nimekukumbuka sana,” hakusudii kwamba alikuwa amemsahau kisha akamrudia moyoni. Maana yake ni kwamba ana hamu naye. Kitendo cha akili na kitendo cha moyo vimefungwa katika kitenzi kimoja. Kizulu kina kitenzi ukukhumbula, chenye sura iliyo karibu mno na hicho cha Kiswahili, na maana zake ni zizo hizo mbili: kukumbuka, na kuona shauku ya mtu au mahali. Mzulu aliye mbali akisema ngikhumbula ekhaya, amesema kwa pamoja kwamba anakukumbuka nyumbani na kwamba anakutamani. Kwa hivyo mhakiki anayetenganisha kumbukumbu na shauku, akaandika sura moja ya hii na sura nyingine ya ile, anatenganisha kitu ambacho lugha hizi hazikukitenganisha.

Neno la tatu ni hama, pamoja na jina litokanalo nalo, mahame. Mahame ni mahali palipohamwa: mji uliobaki bila watu, wenye visima vilivyokauka na kuta zilizoota miti. Waarabu nao, kutokana na kitenzi chao cha kuhajiri, wana neno mahjar, ambalo huitwa kwalo nchi watu walikohamia. Washairi wa Kiarabu waliotoka Lebanoni na Siria wakakaa Amerika, kama wale waliounda al-Rabita al-Qalamiyya katika jiji la New York mwaka 1920, huitwa kwa jina hilo washairi wa mahjar. Tofauti ya maneno hayo mawili yastahili kuzingatiwa. Jina la Kiarabu linatazama mbele, kule watu walikokwenda. Jina la Kiswahili linatazama nyuma, pale watu walipotoka. Si ajabu basi kwamba utungo mashuhuri kuliko yote ya Kiswahili kuhusu kupotelewa na mji haumzungumzii mtu aliyesafiri hata kidogo.

Msingi wa kale

Utungo huo ni Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, uliotungwa katika visiwa vya Lamu mwanzoni mwa karne ya 19. Mtunzi anauonya moyo wake usighurike na dunia, na ushahidi anaouleta ni mji wa Pate, uliokuwa na majumba yenye mapambo na taa, ukageuka magofu yaliyoachiwa ndege na popo. Wasomaji wengi wameushughulikia utungo huu kama mawaidha ya dini, na ndivyo ulivyo. Lakini kwa jambo linalozungumzwa hapa, una funzo jingine. Sayyid Abdalla hakuihama Pate kama mhamaji anavyoihama nchi yake; mji ndio uliowahama watu. Mtu aweza kusimama pale pale walipozaliwa wazee wake, na bado akawa mgeni, kwa sababu wale waliolifanya neno kwetu liwe la wingi wamekwisha kuondoka. Kupotelewa na nchi, kwa hivyo, hakulazimu safari.

Msingi wa pili ni habari za Fumo Liyongo, zilizoenea katika upwa wote wa kaskazini na kutiwa katika utenzi na Muhammad bin Abubakar Kijumwa mwaka 1913. Katika habari hizo Liyongo yumo gerezani kwa hofu ya mfalme wa Pate, na chakula anacholetewa na kijakazi Saada huporwa na walinzi. Anamwimbia Saada maneno ya mafumbo ayapeleke kwa mama yake, na mama akafahamu kwamba atakiwa kuoka mkate na kuficha tupa ndani yake. Walinzi wanayasikia maneno yale yale lakini hawayafahamu. Hapo pamewekwa kanuni mbili zitakazoonekana tena baada ya miaka mingi. Ya kwanza ni kwamba shairi huenda mahali ambapo mshairi hawezi kwenda. Ya pili ni kwamba shairi hilo lina msikilizaji wake maalumu, aliye nyumbani, na kwamba mtu huyo akikosekana maneno yanabaki kuwa kelele za mfungwa.

Abdilatif Abdalla: kitabu kilichobaki

Abdilatif Abdalla alizaliwa Mombasa mwaka 1946, katika jamaa ya watunzi. Malenga Ahmad Nassir ni nduguye. Mwaka 1968 aliandika karatasi yenye jina Kenya: Twendapi?, iliyokosoa mwendo wa serikali ya wakati huo. Mwaka 1969 alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu kwa uchochezi, na sehemu kubwa ya kifungo hicho aliitumikia peke yake katika gereza la Kamiti. Huko ndiko alikotunga mashairi ya Sauti ya Dhiki, akiyaandika kwa siri katika karatasi za msalani. Alifunguliwa mwaka 1972, na mwaka uo huo akahamia Dar es Salaam, alikofanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Diwani ilichapishwa mwaka 1973, na mwaka 1974 ikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi. Mwaka 1979 alikwenda London, na tangu mwaka 1995 akafundisha katika Chuo Kikuu cha Leipzig.

Yamkini msomaji atauliza kwa nini diwani iliyotungwa ndani ya Kenya ihesabiwe katika ushairi wa uhamishoni. Jibu ni kwamba kifungo ndicho kilichokuwa uhamisho wa kwanza. Mtu wa Mvita aliyewekwa peke yake katika chumba huko bara, bila ya mtu wa kusema naye kwa lahaja yake, amekwisha kutolewa kwao ingawa hakuvuka mpaka wa nchi. Safari ya Dar es Salaam ilikuwa ya pili, na kwa upande mmoja ilikuwa nyepesi kuliko ile ya kwanza, kwa kuwa huko alikwenda kwenye lugha yake, hali ya kuwa Kamiti aliondolewa kwayo.

Lugha ya diwani hiyo ndiyo inayothibitisha jambo hili. Abdilatif hakutunga kwa Kiswahili Sanifu, ingawa alikijua barabara na baadaye akakifanyia kazi ya kisomi. Alitunga kwa Kimvita. Shairi moja mashuhuri katika diwani lina jina la neno moja, Siwati, yaani siachi. Jingine lina jina N'shishiyelo ni Lilo. Yafaa kulichungua jina hili la pili, kwa kuwa limebeba historia ndefu.

Shishiye ni umbo la kitenzi shika katika wakati timilifu wa zamani. Kiswahili Sanifu hutumia kiambishi me kwa kazi hiyo, na kimelipoteza kabisa umbo la kale. Lahaja za kaskazini na ushairi wa Mvita vimelihifadhi: mtu hasemi amesimama, husema asimeme, hasemi nimeshika, husema n'shishiye. Mwisho huo wa ie ulitokana na ile, baada ya sauti l kudondoka, na mwisho wa ile bado u hai katika lugha nyingi za Kibantu. Mzulu husema ngibambile akakusudia nimeshika. Kwa hivyo mshairi aliyetaka kusema kwamba analishikilia jambo lake na hataliachia, alilisema kwa umbo ambalo lenyewe limeshikilia, miaka na miaka, kitu ambacho lugha ya ofisini imekwisha kukiacha. Maana na sarufi zimesema neno moja.

Jambo hilo lina upande wa mizani pia. Sehemu kubwa ya mashairi ya diwani imo katika bahari iliyozoeleka, yenye mishororo minne katika ubeti na mizani 16 katika mshororo, nane kwa kila kipande. Jina N'shishiyelo ni Lilo, likihesabiwa pamoja na ile n inayosimama kama silabi, lina mizani nane kamili, yaani kipande kizima. Likigeuzwa kuwa Kiswahili Sanifu, nililolishika ni hilo, linakuwa na mizani tisa, na kipande kinapasuka. Vina navyo ni vivyo hivyo. Mtunzi wa Mvita aweza kukifunga kina cha mato na mzito; mhariri akiandika macho, kina kimekufa. Hapana njia ya kulihamisha shairi la namna hii kutoka lahaja yake na kulibakisha zima.

Wakati wa mabishano makali ya miaka ya 1970 juu ya vina na mizani, walioitetea kanuni ya kale mara nyingi walishutumiwa kwamba wamefungwa na mapokeo. Hali ya Abdilatif yaonyesha kwamba jambo hilo lina sura nyingine. Mfungwa asiye na daftari ana haja ya shairi linaloweza kukaa kichwani, na vina na mizani ndivyo vinavyomwonya mtu kwamba neno moja limemponyoka. Zaidi ya hayo, bahari ya shairi ni mali ya watu wengi. Anayetunga kwa mizani 16 akiwa peke yake chumbani anatunga pamoja na Muyaka na wote waliomfuata, na kwa namna hiyo ule wingi wa neno kwetu unarejeshwa mahali ambapo sheria imemwacha mtu mmoja tu.

Wala haifai kudhani kwamba kwao huko kunakoshikiliwa kumegeuzwa kuwa pepo. Ugonjwa mmoja wa ushairi wa uhamishoni ni kuzisahau dosari za nyumbani, hata nchi ikawa bustani isiyo na mwiba. Katika Sauti ya Dhiki ugonjwa huo haupo. Shairi la Mnazi: Vuta N'kuvute ni majibizano ya ndugu wawili wanaogombea mti wa urithi, mmoja akiukalia na mwenziwe akidai haki yake. Mnazi, ambao katika tungo nyingi za pwani ungalikuwa alama tamu ya nyumbani, umekuwa kesi. Urithi ni wetu sote, lakini mmoja ndiye aliye juu yake. Aidha ile karatasi ya mwaka 1968 ilikuwa na swali katika jina lake, na swali ni namna ya mapenzi isiyo na ubembelezi. Anayeuliza twendapi amejihesabu miongoni mwa wanaokwenda.

Matokeo yake yalikuwa ya ajabu. Kitabu kilibaki nyumbani, kikasomwa na kutuzwa. Aliyeondoka ni mtunzi. Shairi lilifika kwa mama kama lile la Liyongo, lakini mwana hakufuata. Na ingawa Abdilatif aliendelea kutunga, kufundisha na kuhariri, jina lake la ushairi limezidi kuegemea diwani ile ya kwanza, aliyoitunga kabla ya kuvuka mpaka.

Mazisi Kunene: mashairi yaliyoondoka

Hali ya Mazisi Kunene ni kinyume cha hiyo. Alizaliwa Durban mwaka 1930, akaandika tasnifu ya uzamili juu ya ushairi wa Kizulu, na mwaka 1959 akaenda London kuendelea na masomo. Badala ya kumaliza masomo na kurudi, aliingia katika kazi ya African National Congress, akawa mwakilishi wake ng'ambo, na kuanzia miaka ya 1970 akafundisha katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Serikali ya ubaguzi ilipiga marufuku maandishi yake. Alirejea Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya zaidi ya miaka 30. Mwaka 2005 alitawazwa kuwa mshairi wa taifa, wa kwanza kupewa cheo hicho, na mwaka 2006 akafariki.

Katika miaka hiyo yote Kunene alitunga kwa Kizulu. Hakuifuata njia ya B. W. Vilakazi, ambaye katika miaka ya 1930 alijaribu kuuvisha ushairi wa Kizulu vina vya Kizungu. Aliirudia njia ya izibongo, yaani sifa zinazotamkwa mbele ya watu, ambazo nguvu yake iko katika majina ya sifa yanayorundikwa, katika usambamba wa sentensi, na katika neno la mwisho la mstari kushikwa tena na mstari unaofuata. Tenzi zake mbili kubwa zinatokana na hazina hiyo. Mmoja unahusu maisha ya Shaka, na mwingine unahusu asili ya mauti, kwa kuifuata hadithi ya kinyonga aliyetumwa na habari za uhai akachelewa, na mjusi aliyetangulia na habari za kifo.

Lakini utenzi wa Shaka ulitokea kwanza kwa Kiingereza, mwaka 1979, kwa tafsiri ya mtunzi mwenyewe, katika kitabu cha zaidi ya kurasa 400, na ule wa asili ya mauti ukatokea vivyo hivyo mwaka 1981. Asili ya Kizulu ilibaki katika miswada. Utenzi wa Shaka katika lugha uliotungwa ulitoka kwa jina Unodumehlezi kaMenzi mwaka 2017, miaka 11 baada ya kifo chake. Uzito wa jambo hili ni mkubwa kwa wasomi wa lugha. Izibongo ni utanzu unaomhitaji mtu wa kuitikia. Mwimbaji wa sifa husimama mbele ya watu wanaoyajua majina, nao humhimiza kwa sauti. Kunene alitunga tenzi za aina hiyo mahali ambapo wa kuitikia hawakuwapo, na wale waliokuwapo wakazisoma katika lugha isiyokuwa na masikio ya kuzisikia. Ikiwa Abdilatif alitenganishwa na kitabu chake, Kunene alitenganishwa na hadhira yake.

Alilitatua tatizo hilo kwa njia iliyomo katika imani ya watu wake. Kwa Wazulu, wazee waliokufa hawakuondoka. Ni sehemu ya ukoo, husemeshwa na kutajwa kwa majina. Shairi la Kunene mara kwa mara huwaelekea hao. Msikilizaji aliye nyumbani akizuiwa na serikali, yuko msikilizaji ambaye serikali haiwezi kumnyima pasi. Mzulu anapoitaja asili yake husema kithi, kwetu, na hapo tena nafsi ni ya wingi kama katika Kiswahili. Wingi huo kwa Kunene uliwaingiza waliokufa na wasiozaliwa, na kwa hivyo haukuweza kumalizwa na umbali.

Hata hivyo njia hiyo ilikuwa na hatari yake. Shaka wa Kunene ni jibu kwa wanahistoria wa kikoloni waliomfanya mfalme huyo kuwa mnyama mwenye kiu ya damu. Mtunzi alimrudishia akili, sera na heshima. Lakini katika miaka ile ile ambayo utenzi ulikuwa ukisomwa ng'ambo, jina la Shaka lilikuwa likitumiwa nyumbani, huko Natal, na viongozi wa Inkatha, chama kilichoundwa upya mwaka 1975 na ambacho wafuasi wake baadaye walipambana vikali na wafuasi wa chama kile kile alichokitumikia mshairi. Kumbukumbu iliyohifadhiwa mbali haikai peke yake. Huku mtu akiitunza ng'ambo, nyumbani inaendelea kutumika kwa kazi nyingine, na mhamaji hana uwezo wa kuisimamia. Shairi la nchi iliyopotea kwa kawaida huiona nchi kama ilivyokuwa siku ya kuondoka. Nchi yenyewe haingoji.

Nafsi katika hali mbili

Wakilinganishwa, washairi hawa wawili wanaonyesha njia mbili za kuijenga nafsi baada ya kupotelewa na mahali. Abdilatif aliikaza nafsi katika mahali padogo: mji mmoja, lahaja moja, umbo moja la kitenzi. Kunene aliipanua katika wakati, hata ikawafikia wazee wa kale. Mmoja aliutegemea usahihi, na mwingine aliutegemea upana. Lakini wote wawili walikataa jambo moja, nalo ni kuiacha lugha ya nyumbani kwa sababu ya kukosa wasomaji mahali walipokuwapo. Kukataa huko hakukuwa mapambo. Kuliwagharimu wasomaji, na kwa Kunene kulizigharimu tenzi zake makumi ya miaka.

Yaweza kusemwa kinyume: kwamba mshairi wa uhamishoni atungaye kwa lugha ya nchi aliyohamia naye pia hulibeba kwao, na kwamba wako wengi waliofanya hivyo kwa ufanisi. Hilo ni kweli, na hapana haja ya kulipinga. Tofauti ni ya namna. Huyo huieleza nchi yake kwa wasioijua, na maelezo yana heshima yake. Atungaye kwa lugha ya nyumbani haelezi, husemesha. Anayesemeshwa asipokuwapo, nafasi yake haijazwi na mwingine, na pengo hilo lenyewe ndilo linalomfahamisha msomaji ukubwa wa hasara.

Hitimisho

Kutokana na yaliyotangulia, yako mambo mawili ya kuwapasa wafundishao na waharirio tungo hizi. La kwanza ni kulinda maandishi. Mhariri wa diwani ya Kimvita anayekusudia kumrahisishia mwanafunzi kazi kwa kuyageuza maneno kuwa Kiswahili Sanifu, huondoa kile ambacho mtunzi alikifia gerezani asikiache. Lahaja ifafanuliwe chini ya ukurasa. Isifutwe katika ubeti. La pili ni kuirejea asili. Yeyote anayemsomesha Kunene kwa tafsiri ya Kiingereza peke yake anasomesha shairi lililokwisha kuhamishwa mara mbili, mara ya kwanza pamoja na mtunzi, na mara ya pili na lugha. Kwa kuwa asili sasa imechapishwa, idara zinazofundisha lugha za Kibantu hazina tena udhuru wa kutoiweka mbele ya wanafunzi, japo kwa kurasa chache zilizosomwa kwa makini pamoja na mtu aijuaye lugha.

Wahenga walisema kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Methali hiyo hufasiriwa kuwa kila msafiri mwishowe atarudi kwao. Washairi wa uhamishoni wanaonyesha kwamba mambo hayakuahidiwa hivyo. Kunene alirudi, akakuta nchi iliyokwisha kubadilika. Abdilatif aliishi sehemu kubwa ya umri wake nje, hali shairi lake likiwa nyumbani. Lakini anayekwenda tezi na omo hajatoka chomboni, na chombo hicho, kwa mshairi, ni lugha. Maadamu kiko katika hali ya kuelea, na maadamu wako wanaoweza kukiendesha, ngama ipo.